Usiku Muuguzi Ni Mumoja: Sindika Yao Inatuhusu



Leo siongei juu ya barabara wala maji. Naongea juu ya usiku niliolala lopitalini kwa kulinda mama mudogo, chini, kwenye kitenge. Muuguzi alikuwa mumoja, wagonjwa 31. Nilihesabu, sikuwa na kazi ingine. Katikati ya usiku serumu ya mutoto wa kitanda cha kando ikaisha. Mama yake aliita, aliita. Muuguzi alikuwa kule kwa wazazi, mwanamuke anazaa. Ni sisi walinda-wagonjwa njo tulifunga ile serumu, bila kujua kama tunasaidia ama tunaharibu.

Asubuhi watu wakamutukana. Na mimi nilimutukana, ndani ya roho. Kisha tukaongea. Miaka sita kazini, hana matricule, hana mushahara wa serikali. Anapata prime kidogo inayotoka kwenye faktire za wagonjwa. Ni kusema, mama akizaa na hana feza, anazuiliwa lopitalini juu ile faktire njo unga wa watoto wa muuguzi. Maskini anakamata maskini, na wale wenye budjeti hata hawako pale! Marais wa Afrika waliahidi kule Abuja, 2001, asilimia 15 ya budjeti iende kwa afya. Sisi tuko mbali sana.

Njo maana wauguzi wakiungana katika sindika, musiseme "ni mambo yao ya feza." Katiba yetu, kifungu cha 38 na cha 39, inawapa haki ya sindika na ya mugomo. Waganga wako na SYNAMED, wakisimama Kinshasa inasikia. Wauguzi ni wengi kuwapita, lakini wamegawanyika: mwenye matricule huku, asiye nayo kule, A2 peke yake, A1 peke yake.

Ila tuwaambie ukweli pia. Wakiandika madai yao, prime isikae peke yake pale. Waandike hesabu ya wagonjwa. Kule California, Marekani, wauguzi walipigana kupitia sindika yao mpaka sheria ikapita 1999, ikaanza kutumika 2004. Wenye mahopitali walilia kwamba ni bei kali. Gavana Schwarzenegger akajaribu kuichelewesha, wakamufuata na mabango kila pahali. Leo, katika chumba cha kawaida, muuguzi mumoja hapewi zaidi ya wagonjwa 5.

Najua, California ni matajiri. Lakini sisi hatukosi wauguzi! Kwenye avenue yetu wawili wametoka ISTM na diplome zao, wanauza unité kando ya barabara. Mimi shomeri mwenye lisansi nawaelewa vizuri. Chumba kinakosa mikono, na mikono iko inje.

Na siku ya mugomo? Urgence na wazazi vibaki wazi. Hilo tutawaomba bila haya, juu mugonjwa hana kosa.

Sasa kazi yetu. Kila mutu atakayelinda mugonjwa usiku aandike: tarehe, chumba, wauguzi wangapi, wagonjwa wangapi. Majina hapana, ya muuguzi wala ya mugonjwa. Mutuletee kila juma mosi. Tutajumulisha, tuwape wauguzi ile karatasi waende nayo mbele ya waziri wa afya wa jimbo. Mimi naanza na yangu: mumoja, 31.