Tusingoje Kutema Damu
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama



Tumerudi Masisi na Walikale. Tuko na mashamba ya kufungua na nyumba za kusimamisha. Nguvu itatoka wapi kama mapafu ni magonjwa? Kule Bulengo na Lushagala tulilala watu wengi ndani ya shitingi moja, na kifua kikuu kinapita kwa hewa. Hapa kuna moshi wa kuni jikoni, na vijana wetu wanakula vumbi la mawe Rubaya na Bisie. Vumbi hilo likisha kukaa ndani ya mapafu, hakuna dawa ya kulitoa. Tena linafungulia kifua kikuu mlango.

Kwa hiyo tunaombana hivi:

Ukikohoa wiki 2, usingoje kutema damu. Peleka makohozi kwenye kituo cha afya. Dawa za kifua kikuu ni za bure, kwa kawaida miezi 6. Mgonjwa akipatikana, watoto wa nyumba ile nao wapimwe.

Ulianza dawa, vita ikakukimbiza ukaacha? Siyo aibu. Rudi, waambie waganga ukweli. Dawa ikikatwa njiani, ugonjwa unaizoea, na kupona kunakuwa kugumu.

Mchimbaji apimwe kila mwaka, hata akijisikia mzima. Vumbi linaharibu polepole.

Pesa ya moto ya kufika hospitali ni shida, tunajua. Lakini kilio tunakichangia kila mara. Tuchangie na safari ya kupimwa, vilio vipunguke.