Meza Finyu ya Mkaguzi wa Mpakani



Wapo wanaodhani kwamba mchezo wa kompyuta humgusa mchezaji kwa picha zake tu. Sivyo. Mwaka 1978 Mjapani Tomohiro Nishikado alitunga Space Invaders. Mashine yake ilikuwa dhaifu. Maadui walipopungua kwenye kioo, ndipo ilipoweza kuwasogeza waliosalia kwa kasi zaidi. Nishikado aliligundua jambo hilo akaliacha kwa makusudi, na mchezaji aliyekaribia ushindi akawa na hofu kuliko alipoanza.

Lakini mfano unaotuhusu sisi hasa ni Papers, Please, mchezo wa Lucas Pope, Mmarekani, uliotoka mwaka 2013. Humo mchezaji ni mkaguzi wa pasi mpakani, katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Amepewa meza, mihuri na saa. Meza ni finyu hata karatasi zinalaliana. Mshahara hulipwa kwa idadi ya watu aliowakagua sawasawa kabla ya saa za kazi kwisha. Makosa mawili ya kwanza kwa siku ni onyo. La tatu hukatwa fedha. Jioni huletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, dawa, na gharama ya kupasha nyumba joto, maana huko ni baridi. Mara nyingi fedha hazitoshi.

Basi siku moja anafika mume mwenye karatasi kamili, na nyuma yake mkewe asiye na kibali cha kuingia. Mama yule anasihi. Mtunzi hasemi lipi ni jema. Foleni inangoja na saa inakwenda. Mchezaji akimruhusu, anapata onyo. Akimkataa, anabaki na daftari safi na fadhaa moyoni. Siku zikipita, ni rahisi mno ajikute hatazami tena nyuso, anatazama tarehe na mihuri tu. Pope hakumwamuru mtu awe mkatili. Alipanga mshahara, meza na saa, na ugumu wa moyo ukaja wenyewe.

Ndiyo maana napendekeza kwamba semina yetu ijayo ya watumishi wa madirishani ipunguze hotuba moja, hata ikiwa ni hii yangu. Kila mmoja wetu aucheze mchezo huu kwa saa moja, kisha tuulizane waziwazi: yule mama, nani alimpitisha?