Haraka Ipi Ina Baraka?

(Mazungumzo ya kikundi cha akina mama wafyatua matofali, mbele ya wahitimu wa kisomo, katika Juma la Elimu ya Watu Wazima)



Sisi ni akina mama wanane. Tunatoka kijiji kimoja cha Bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Tulisoma darasa moja la kisomo. Tulipohitimu tuliona si vizuri kuagana pale mlangoni, kila mtu na njia yake. Tukaunda kikundi cha kufyatua na kuchoma matofali.

Leo tumeombwa tueleze biashara yetu. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kuwaambia jinsi haraka ilivyotupatia fedha, na jinsi haraka hiyohiyo ilivyotutia hasara.

Wazee wametuachia methali. Moja inasema: Haraka haraka haina baraka. Nyingine inasema: Udongo uwahi ungali maji. Mtu aliyeanza biashara juzi akizisikia zote mbili anachanganyikiwa. Je, akimbie au atulie? Basi tusikilizeni.

HARAKA ILIYOTUFAA

Ilikuwa mwaka 2023, mwezi wa Juni. Kwetu Usangu huo ni wakati wa kuvuna mpunga. Watu wakishauza mpunga hushika fedha, na mwenye fedha hutaka kujenga. Tena mvua huwa zimekwisha, jua linawaka. Ukitaka kufyatua matofali, miezi yako ndiyo hiyo. Ukilala, mvua zinarudi, na umebaki na kibao chako mkononi.

Fundi mmoja wa ujenzi akaja kijijini. Alitaka matofali 10,000. Aliwauliza watu wengine kwanza. Huyu akamwambia, "Tutaangalia." Yule akamwambia, "Rudi wiki ijayo." Alipofika kwetu tulikaa chini ya mwembe, tukapiga hesabu kwenye daftari, tukamjibu siku ileile. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye udongo.

Serikali ya kijiji ilikuwa imekwisha kutuonyesha mahali pa kuchimba. Tulifyatua matofali 700 kwa siku. Kwa siku 15 yakawa 10,500. Tulizidisha 500 kwa sababu hakuna tanuru lisilovunja.

Halafu tukangoja. Siku za kwanza tuliyafunika kwa nyasi yasipasuke kwa jua kali. Baadaye tukayageuza, yakakauka kwa wiki 3. Wakati huo hatukungoja kwa sababu ya akili nyingi. Tulikuwa na mpunga shambani! Lakini kungoja huko ndiko kulikotuokoa, nasi hatukujua.

Tulichoma, tanuru likapoa, tukauza. Hesabu yake ni hii:

Matofali 10,000 kwa shilingi 100 kila moja: shilingi 1,000,000.
Gharama za kuni, pumba za mpunga, maji na usafiri: shilingi 280,000.
Iliyobaki: shilingi 720,000.

Kila mama alipata shilingi 80,000. Nyingine 80,000 tukaziweka katika sanduku la kikundi. Jamani, siku ile tuliimba! Wale waliosema "tutaangalia" walikuja kutuangalia sisi.

Basi faida ya haraka ni hiyo. Mteja hangoji. Msimu haungoji. Anayeanza biashara hana jina wala hana mtaji mkubwa. Mali yake ni wepesi wake. Akimjibu mteja upesi, na akianza kazi upesi, anaweza kumpita mwenye duka kubwa anayepiga miayo.

HARAKA ILIYOTUUMIZA

Mwanzoni mwa Oktoba akaja mtu mwingine. Huyu alitaka matofali 12,000 kabla mwezi haujaisha. Sisi tulikuwa tumekwisha kuonja utamu. Tukasema, "Ndiyo!" hata kabla hajamaliza kusema.

Hatukuandika mapatano. Hatukudai malipo ya awali. Sisi, wahitimu wa kisomo, tunaojua kusoma na kuandika, tulipatana kwa mdomo kama vile kalamu hazijaletwa duniani.

Tena mwaka ule redio zilitangaza sana habari za mvua za El Nino. Kila wingu lililopita tulilitazama kwa hofu. Tukaajiri vijana wa kibarua ili tuende mbio. Gharama zikapanda hadi shilingi 380,000. Katika sanduku tulikuwa na zile 80,000 tu.

Tupate wapi 300,000? Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilikuwa imesimamishwa tangu Aprili mwaka ule. Ilianza kutolewa tena mwaka 2024. Basi tukaenda kwa mtu anayekopesha papo kwa papo. Ninyi mnaijua mikopo hiyo. Watu wanaiita kausha damu. Alitupa fedha katika muda wa kunywa chai. Riba ilikuwa shilingi 60,000 kila mwezi. Hatukumwuliza kama ana leseni. Sheria ya mwaka 2018 ya huduma ndogo za fedha inamtaka mkopeshaji awe na leseni, lakini sisi macho yetu yalikuwa kwenye noti.

Kwa siku 10 tukafyatua matofali yote 12,000. Yale ya mwisho yalikaa juani siku 5 tu. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alichukua tofali moja akalivunja. Nje lilikuwa jeupe. Katikati lilikuwa jeusi, lenye unyevu. Akasema, "Wenzangu, hili bado bichi." Tukamwambia, "Mama, mvua hizo! Litakaukia motoni."

Tukapanga tanuru. Tukalikandika tope. Tukawasha. Siku ya kwanza moto hutakiwa kuwa mdogo, ili unyevu uliobaki utoke polepole. Sisi usiku uleule wa kwanza tukajaza kuni katika midomo yote ya tanuru.

Saa tano za usiku tukaanza kusikia sauti: pu! pu! Kumbe ni matofali yanapasuka ndani. Ndugu zetu, maji yakipata moto mkali hugeuka mvuke. Mvuke hutafuta pa kutokea. Usipoupa nafasi hupasua. Ni kama chungu kilichofunikwa kwa mfuniko mzito. Tulikaa pale tukisikiliza fedha zetu zikipasuka, na hapakuwa na la kufanya.

Tanuru lilipopoa tulihesabu matofali mazima. Yalikuwa 4,500. Yule mteja alikuja, akatazama, akaondoka. Hatukuwa na karatasi ya kumshika. Wala si kosa lake. Alitaka 12,000.

Sasa tazameni hesabu hii, maana daftari halioni haya:

Matofali mazima 4,500 kwa shilingi 100: shilingi 450,000.
Vipande vya kujazia misingi: shilingi 60,000.
Jumla: shilingi 510,000.

Iliwachukua wanunuzi miezi 2 kuyamaliza. Kwa hiyo tulilipa mkopo 300,000 pamoja na riba ya miezi 2, yaani 120,000. Jumla 420,000. Tukabaki na shilingi 90,000. Ukitoa zile 80,000 zetu tulizotia kwanza, faida ni shilingi 10,000. Watu wanane! Kila mtu shilingi 1,250 kwa mwezi mzima wa kubeba tope. Na bado tuliwalipa vibarua kabla yetu sisi wenyewe.

Nyumbani hatukuwa na raha. Wawili kati yetu walitaka kuacha. Mume wa mmoja alimwambia mkewe arudi jikoni, biashara si kazi yake. Kikundi kilikaribia kufa.

TULIYOJIFUNZA

Tuliitisha mkutano. Yule mama mkubwa tulimwomba radhi. Halafu tukafungua daftari, tukalinganisha tanuru la kwanza na la pili. Tukaona kwamba kosa halikuwa haraka yenyewe. Tanuru la kwanza nalo tulilifanya kwa haraka. Tofauti ni mahali tulipoiweka haraka hiyo.

Yako mambo yaliyo mikononi mwa mtu. Hayo yafanywe upesi. Kumjibu mteja ni upesi. Kuamka ni upesi. Kuandika fedha iliyoingia na iliyotoka ni siku ileile. Kumdai mwenye deni ni upesi, kabla hajaisahau sura yako. Kosa likitokea, kulisema ni upesi zaidi.

Lakini yako mambo yenye wakati wake. Hayo hayasukumwi. Tofali hukauka kwa wakati wake. Kuku hukua kwa wakati wake. Mahindi hukomaa kwa wakati wake. Na mapatano nayo yana wakati wake: yasomwe, yaulizwe, yaandikwe. Mkopo ni hivyohivyo. Fedha inayopatikana upesi sana mara nyingi hurudishwa kwa uchungu sana. Uliza kwanza: riba ni kiasi gani kwa mwezi? Nikichelewa itakuwaje? Hesabu iandikwe mbele yako.

Basi methali zote mbili ni za kweli. Udongo uwahi ungali maji, kwa kuwa ukikauka hufinyangi. Lakini moto usiupeleke mpaka udongo umekauka.

Mwaka 2024 tulianza upya. Hatukukopa. Tulikuwa na zile shilingi 90,000, na kila mama akachanga 10,000. Safari hii hatukungoja mteja. Mwezi wa Juni tulianza kufyatua, ili jua tuwe nalo la kutosha. Tulipanga tanuru dogo la matofali 5,000. Kabla ya kuchoma tulivunja tofali moja moja kutoka kila safu. Likiwa na weusi ndani, tunangoja. Moto wa kwanza ulikuwa mdogo, mchana kutwa na usiku kucha.

Tuliuza matofali 4,800 na kupata shilingi 480,000. Gharama zilikuwa 140,000. Tukabaki na 340,000. Papo hapo tukaanza tanuru la pili la ukubwa uleule. Hiyo ndiyo haraka nzuri: kitu kidogo, kimalizike, fedha irudi, izunguke tena. Ukikosea katika kidogo, hasara ni ndogo na somo ni lilelile.

Mteja wa tanuru hilo alilipa nusu kwanza. Mapatano yaliandikwa karatasi mbili, moja yake, moja yetu. Mume wa mwenzetu yule ndiye aliyetia saini kama shahidi. Sasa hasemi tena habari ya jiko.

Jambo la mwisho. Mashimo ya udongo tunayafukia kabla ya mvua, mtoto asije akatumbukia na mbu wasizaliane. Na kuni hatukati bila kibali. Hayo nayo huchukua muda, lakini anayeyaruka ili awahi sokoni huwaachia majirani hasara yake.

Ndugu wahitimu, kuanza biashara ni kama kuanza kusoma. Siku ya kwanza unataka usome kitabu kizima. Mwalimu anakuambia anza na a, e, i, o, u. Huyo mwalimu hakucheleweshi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika kazi yenu, ni mambo gani yafanywe upesi? Ni yapi yana wakati wake?
2. Kikundi chetu kilikopa shilingi 300,000 kwa riba ya 60,000 kila mwezi. Kama tungechelewa miezi 5, tungelipa jumla ya shilingi ngapi?
3. Mteja akitaka mali kwa haraka, mtaandika nini katika karatasi ya mapatano?