Dawa ya Mbu kwa Mtoto Mchanga: Uliza Umri, Kisha Soma Kibandiko

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi, wenye nyumba za wageni na waongozaji watalii mjini Watamu, kabla ya likizo ya Desemba. Yamechapishwa kwa ombi la waliohudhuria.

 

Mimi si daktari. Ni afisa wa habari wa kaunti, na kazi yangu ni kuwauliza wataalamu maswali hadi majibu yao yaeleweke, kisha niwaletee. Mfamasia ameketi pale mezani kwa yale yatakayonishinda.

Desemba inafika huku mvua za vuli zikiwa zimeacha vidimbwi kila mahali. Magari yatateremka kutoka Nairobi, Nyeri na Eldoret yakiwa na watoto wa miezi mitatu, mitano, minane. Wengine ni wajukuu wa papa hapa wanaoletwa waonwe na nyanya zao. Watapelekwa Gede kutazama magofu, watatembezwa kwenye mikoko ya Mida jua likizama, na wengine watalala kwenye hema kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni raha. Lakini giza likianza kuingia ndipo mbu wa malaria anapotoka kutafuta damu, na mtoto wa nyanda za juu zenye baridi hana kinga ile ambayo mtu mzima wa Pwani ameijenga kwa kuugua mara kadhaa. Malaria ikimpata mtoto mchanga, hali yake inaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni.

Basi mama anasimama mbele ya rafu dukani. Chupa moja ina picha ya mtoto anayecheka. Nyingine imeandikwa kwamba ni ya asili, imetokana na mimea. Ya tatu ina majina ya kemikali yanayotisha. Wengi wetu tungeiacha hiyo ya tatu na kuchukua ya asili. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo leo, kwa sababu picha ya mtoto haithibitishi chochote, na neno "asili" nalo halithibitishi.

Jambo la kwanza ni umri. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili hapakwi dawa yoyote ya kufukuza mbu kwenye ngozi. Ngozi yake ni laini mno, na mikono yake iko kinywani mchana kutwa. Huyu kinga yake ni chandarua na nguo, basi. Kama safari inaweza kungoja, mimi ningengoja.

Akishatimiza miezi miwili, ndipo tunasoma kibandiko. Geuza chupa, acha maandishi makubwa ya mbele, tafuta sehemu inayotaja kiambato kinachofanya kazi na asilimia yake. Kuna majina manne ambayo ningependa myakariri kama mnavyokariri majina ya watoto wenu.

La kwanza ni DEET. Ndiyo kongwe zaidi: ilibuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Watu wengi huiogopa. Madhara makubwa yaliyoripotiwa ni machache sana ukilinganisha na miaka yote hiyo, na mengi yalitokea pale mtu alipoimeza au alipoipaka kupita kiasi. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaikubali kwa mtoto aliyetimiza miezi miwili, mradi isizidi asilimia 30.

Hiyo asilimia inaeleweka vibaya. Watu hudhani ni ukali, kama pilipili. La, asilimia ni saa. DEET ya asilimia 10 hulinda kwa takriban saa mbili. Ya asilimia 30 hulinda kwa takriban saa tano. Mbu wa kwanza hafukuzwi kwa nguvu zaidi na chupa ya asilimia 30, ila kinga inakaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo jiulize tutakuwa nje kwa muda gani. Matembezi ya jioni ya saa moja na nusu hayahitaji asilimia 30. Chagua kiwango cha chini kinachotosha saa zenu, upake mara moja, badala ya kumpaka mtoto tena na tena.

La pili ni pikaridini, ambayo kwenye vibandiko vingine huandikwa Icaridin. Haina harufu kali wala haina mafuta mengi, na haiharibu plastiki kama DEET inavyofanya. Wazazi wengi waliozijaribu zote mbili huipendelea hii. La tatu ni IR3535. Kwa zote mbili, watengenezaji huweka umri tofauti: wengine huandika miezi sita, wengine miaka miwili. Fuata ule ulioandikwa kwenye chupa uliyoshika, hata kama jirani yako anatumia nyingine.

La nne ndilo lenye mtego. Ni mafuta ya mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo kiambato chake huandikwa PMD. Yanatokana na mmea, yananukia vizuri, na kwa kweli yanafukuza mbu. Lakini ushauri ni kwamba yasipakwe mtoto wa chini ya miaka mitatu. Usalama wake kwa watoto wadogo hivyo haujathibitishwa, na yakiingia machoni huwasha vibaya. Kwa hiyo ile chupa ya "asili" ambayo mama ameinunua kwa upendo inaweza kuwa ndiyo isiyomfaa mtoto wake, na ile yenye jina la kutisha ikamfaa.

Nitaje pia vile vya nyumbani, maana najua mtaniuliza. Mafuta ya mchaichai, karafuu au mkaratusi yasiyochanganywa huunguza ngozi ya mtoto. Marhamu zenye kafuri zisipakwe mtoto wa chini ya miaka miwili. Kafuri ikiingia mwilini inaweza kumletea degedege. Mafuta ya taa yakae mbali na ngozi ya mtu yeyote. Kivumbasi na majani ya mwarobaini tumevichoma tangu enzi za mababu, na sina ugomvi navyo uani, lakini mtoto mchanga asiwekwe kwenye moshi huo. Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya mviringo, ni vivyo hivyo: isiwake katika chumba au hema analolala. Moshi ni moshi, kifua chake ni kidogo.

Na bangili za kufukuza mbu? Mwaka 2002, Mark Fradin na Jonathan Day walichapisha utafiti katika jarida la New England Journal of Medicine. Watu 15 waliingiza mikono yao ndani ya visanduku vyenye mbu ili kupima dawa mbalimbali. DEET ya karibu asilimia 24 ililinda kwa wastani wa dakika 301. Dawa nyingi za mimea zilizopimwa hazikufikisha dakika 20. Bangili hazikulinda kitu. Kwa mtoto bangili ina ubaya mwingine pia: ataitia kinywani. Vile vifaa vya umeme vinavyodaiwa kufukuza mbu kwa mlio navyo vimepimwa na havikuonyesha faida. Hifadhini pesa zenu, mnunue chandarua cha pili.

Sasa upakaji. Usimpulizie mtoto moja kwa moja, na usipulizie chochote ndani ya hema. Weka kidogo kwenye kiganja chako wewe mzazi, kisha mpake tabaka jembamba kwenye ngozi iliyo wazi pekee. Chini ya nguo usipake. Mikono yake usiipake, kwa sababu itaenda kinywani. Usoni, pitisha kidogo mashavuni na masikioni, mbali na macho na kinywa. Penye mchubuko au upele acha. Mkirudi ndani, mwogeshe kwa sabuni, na nguo alizovaa zifuliwe.

Mama anayenyonyesha, usijipake kifuani. Na kama unambeba mtoto kwa leso, fikiria shavu lake linalala wapi: bega hilo lisiwe na dawa. Hili halimo katika vibandiko vingi, maana vingi huandikwa kwa watu wanaosukuma vigari.

Kuhusu jua: mafuta ya kukinga jua hupakwa kwanza, yakauke, kisha dawa ya mbu juu yake. Msinunue chupa inayochanganya vyote viwili, kwa sababu ya jua hurudiwa kila baada ya saa mbili na ya mbu haifai kurudiwa hivyo. Mtoto wa chini ya miezi sita kinga yake ya jua ni kivuli na kofia.

Ikimwingia machoni, suuza kwa maji safi mengi. Akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitalini na uibebe chupa yenyewe, daktari aisome.

Kabla ya kulipa dukani, angalia pia namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za kuua na kufukuza wadudu hapa Kenya. Chupa iliyofutika maandishi, au iliyohamishiwa dawa kutoka kwenye dumu kubwa, iache hapo hapo hata ikiwa bei ni nusu. Tutajuaje asilimia yake?

Hata hivyo, dawa ya kupaka ni kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni chandarua chenye dawa kilichochomekwa chini ya godoro pande zote, na mtoto aingizwe humo kabla ya giza, si baada ya chakula cha jioni. Ndani ya hema ni vivyo hivyo. Zipu ya hema hufunguliwa mara ishirini jioni moja. Mvalishe nguo nyepesi za mikono mirefu na soksi. Kigari au kikapu chake kifunikwe kwa chandarua cha matundu. Msikifunike kwa leso nzito au blanketi, hasa katika joto letu hili. Hewa hukwama ndani na mtoto hupata joto kupita kiasi.

Mchana pia tusilale. Mbu aina ya Aedes, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri. Ndiye anayeeneza dengi na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya kati ya mwishoni mwa 2017 na 2018, na walioupitia wanakumbuka maumivu ya viungo yaliyodumu miezi. Kwa hiyo usingizi wa mtoto wa saa saba mchana nao ni wa chandarua.

Hapa ninageukia wenye nyumba za wageni. Aedes anataga kwenye maji kidogo sana. Vifuu vya madafu tunavyorundika nyuma ya jiko, sahani zilizo chini ya maua, gurudumu kuukuu, tangi lisilo na kifuniko. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku saba hadi kumi hivi, kwa hiyo mwaga na usugue mara moja kwa juma, chagueni siku yenu. Na vyandarua vya vyumba vyenu vikaguliwe juani, si gizani: kile chenye tundu la kupita kidole kishonwe au kibadilishwe. Mgeni akija na mtoto mchanga, mpe chumba chenye wavu madirishani bila kusubiri aombe.

Waongozaji watalii, nanyi mna lenu dogo. Familia yenye mtoto mchanga ikitaka kwenda kwenye mikoko jioni, wapendekezeeni saa kumi badala ya saa kumi na mbili. Ndege bado wapo, na picha zitatoka vizuri tu.

La mwisho ndilo kubwa, na nawaomba mlipeleke kwa wageni wenu. Hakuna dawa inayozuia kila mbu. Mtoto mchanga akipata homa akiwa hapa, apimwe malaria siku hiyo hiyo, asipewe dawa ya kushusha homa akalazwa mkangojea asubuhi. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akipata degedege, hiyo ni dharura. Na vimelea vya malaria hukaa mwilini angalau siku saba kabla ya homa kuanza, mara nyingi wiki mbili au zaidi. Maana yake, mtoto aliyeumwa na mbu Watamu anaweza kuanza kuchemka akiwa amesharudi Nyeri, mahali ambapo mtu anaweza kudhani ni mafua ya baridi. Mzazi aseme mwenyewe kwa mhudumu wa afya, hata asipoulizwa: tulikuwa Pwani, na tarehe gani. Mngeweza kuiandika sentensi hiyo kwenye risiti mnazowapa wageni wakiondoka.

Wale ambao safari bado haijafika, muulizeni daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kwa mtoto. Zipo, lakini hutolewa kwa uzito na umri wake, kwa hiyo msijinunulie.

Niliwaomba mje na chupa mlizo nazo nyumbani. Naona mifuko imejaa. Zileteni pale mezani kwa mfamasia, na wenye watoto wa chini ya mwaka mmoja watangulie, tuvisome vibandiko kimoja kimoja.