Tusimwache Susana Peke Yake

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika semina ya Haki na Amani



Mmeniomba niseme juu ya jambo ambalo kwa kawaida hunong'onwa tu: namna wanafunzi wetu, hasa wa kike, wanavyobughudhiwa na kudaiwa miili yao vyuoni na mahali wanapopelekwa kwa mafunzo ya vitendo. Nitalitaja kwa jina lake, kwa maana dhambi isiyotajwa hupata maficho.

1. Wazee wawili bustanini

Sura ya 13 ya Kitabu cha Danieli yatupa habari za Susana. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimvizia bustanini milango ikiwa imefungwa. Wakampa sharti: alale nao, la sivyo watamshuhudia kwamba amezini na kijana. Susana akakataa, akapaza sauti. Kusanyiko likawaamini wazee kwa sababu ya umri na cheo chao, naye akahukumiwa kufa. Ndipo Danieli, aliye kijana bado, akataka shauri lirudiwe, akawahoji wazee wale kila mmoja peke yake. Huyu akataja mti huu, yule akataja mti mwingine, uongo ukafichuka.

Wazee wale hawakushika upanga. Silaha zao zilikuwa tatu: cheo, faragha, na imani ya watu kwamba mkubwa hasemi uongo. Silaha hizo tatu ndizo zitumikazo hata leo.

2. Hali ilivyo kwetu

Mhadhiri humwita mwanafunzi ofisini jioni, eti kwa habari ya alama zake. Msimamizi wa mafunzo hushika daftari ambalo bila saini yake wiki zote za kazi zimepotea bure. Naye aliye katika mafunzo ya vitendo yumo hatarini zaidi. Ni mgeni katika mji ule, hana mshahara, na pengine hana hata pa kulala. Si mwajiriwa, basi haoni chama cha kumtetea. Mwalimu wake wa chuo humtembelea mara chache tu, na huyo msimamizi ndiye atakayeandika kama amefaulu.

Wala mdhalimu si mkubwa siku zote. Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijitoa uhai baada ya kubughudhiwa na wanafunzi wenzake. Siku zile pale Mlimani kulikuwa na kundi lililojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, likibandika kutani maandishi ya kuwakashifu watu. Wapo walioona kuwa ni utani wa chuo. Wahenga walikwisha kuonya: mzaha mzaha hutumbua usaha. Chuo hicho kilikuja kutunga sera yake ya kuzuia bughudha za kijinsia mwaka 2006, na ni vema. Lakini sera haimrudishi aliyekwenda.

Tusisahau pia vijana wa kiume. Yusufu nyumbani mwa Potifa alikataa, akasingiziwa, akatupwa gerezani.

3. "Si alikubali mwenyewe?"

Nayasikia maneno haya hata katika vikao vyetu, pamoja na yale ya mavazi. Wengine husema kwamba wapo wasichana wanaowafuata walimu ili wapewe alama. Wakiwapo, wanakosea. Lakini aliyekabidhiwa madaraka amekabidhiwa pia wajibu wa kusema hapana. Kukubali kwa mtu ambaye maisha yake ya kesho yameshikwa mkononi na mwingine si kukubali kwa hiari.

Sheria nayo yaliona hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya bughudha ya kijinsia, hata ya maneno, kuwa kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamshika mwenye madaraka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unawataja waziwazi walio katika mafunzo ya kazi. Na mwaka huohuo wa 2019 hayati Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia ya kupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa Kanisa wenyewe. Basi hatuwezi kunyoosha kidole nje tu.

4. Tuzipokonye silaha zile tatu

Kwanza, cheo. Ninyi mlio wahadhiri, wakuu wa idara na waajiri, hakikisheni kwamba hatima ya mwanafunzi haiwi mkononi mwa mtu mmoja. Mitihani isahihishwe kwa namba, si kwa majina. Daftari la mafunzo litiwe saini na watu wawili.

Pili, faragha. Mashauri ya masomo yafanyike saa za kazi, mlango ukiwa wazi. Mwanafunzi anapopelekwa wilaya nyingine, jumuiya yake iandikie parokia ya huko ili apate familia ya kumpokea. Mwenye mahali pema pa kulala hamtegemei msimamizi kwa chumba.

Tatu, imani ya upofu. Binti akisema, asikilizwe kabla ya kuulizwa alivaa nini. Aandike tarehe na maneno aliyoambiwa, atunze ujumbe wa simu, amwambie mtu anayemwamini, kisha apeleke taarifa mapema kwa dawati la jinsia la chuo, Polisi au TAKUKURU. Aliyebakwa afikishwe hospitali upesi, kabla ya kuoga. Dawa ya kuzuia maambukizi ya UKIMWI hufaa tu ikianza kabla ya saa 72 kupita. Naye anayeshtakiwa ahojiwe kwa haki, kama Danieli alivyofanya: hakupiga kelele tu, alichunguza.

Na wazazi, nawasihi: msiyamalize mambo haya kwa fedha sebuleni. Mdhalimu aliyelipa akaachwa amenunua ruhusa ya kumwendea binti wa jirani.

Susana hakuokolewa na ujasiri wake peke yake, maana alikwisha kupaza sauti na bado akahukumiwa. Aliokolewa kwa kuwa mtu mmoja katika kusanyiko alikataa kunyamaza. Kusanyiko hilo ndilo sisi.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni wanafunzi wangapi wa jumuiya yetu walio vyuoni au mafunzoni sasa? Nani anawajulia hali?
2. Binti yetu akibughudhiwa leo, atamwendea nani hapa parokiani bila hofu?
3. Wangapi kati yetu wanapokea wanafunzi kazini mwao? Wamewawekea ulinzi gani?

Mungu awabariki.