PETROLI NJEMA, MFANYA KAZI SALAMA
(Hotuba kwa wanachama, Kisumu)



Nimeombwa niseme habari za dawa zitiwazo katika petroli. Wengine watasema hayo ni mambo ya mainjinia. Mimi nasema ni mambo yetu, kwa kuwa dawa yo yote ya petroli hupita mikononi na vifuani mwetu kwanza: dereva wa tangi, mjaza petroli, na fundi wa gereji.

Sikilizeni habari ya madini ya risasi. Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley aligundua ya kuwa risasi ikitiwa katika petroli, injini haigongi. Oktoba 1924, katika mtambo wa Standard Oil wa Bayway, New Jersey, wafanya kazi watano walikufa kwa sumu hiyo, baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo iliendelea kuuzwa, ikafika mpaka kwetu, na moshi wake ukadhuru ubongo wa watoto. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikubaliana, huko Dakar, kuiacha kabla ya mwisho wa 2005. Algeria ikawa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Hesabuni wenyewe: tangu vifo vya Bayway ni miaka 97.

Sasa iko dawa nyingine, nayo yatoka katika miwa yetu. Spiriti ya molasi, yaani ethanoli, nayo huzuia injini kugonga. Tena, kwa kuwa ina oksijeni ndani yake, petroli huungua vizuri zaidi, na sumu ya kaboni monoksaidi hupungua katika moshi. Si jambo geni. Katika miaka ya 1980 spiriti ya Muhoroni ilichanganywa katika petroli ya Kenya. Kazi hiyo ikakoma katika miaka ya 1990, maana bei haikulipa.

Ikirudi, tuipokee kwa macho wazi. Ethanoli hupenda maji. Maji ya masika yakiingia tangini, spiriti huiacha petroli ikashuka chini pamoja na maji, na injini huzimika. Hula pia mipira ya zamani. Wala haiondoi hatari yote: petroli yenyewe ina benzeni, iletayo saratani ya damu.

Kwa hiyo tudai mambo matatu:

1. Mtu asivute petroli kwa mdomo, wala asinawe mikono kwa petroli. Mwajiri alete pampu ya mkono, glavu na sabuni.

2. Tangi zikaguliwe maji kabla ya kutiwa mchanganyiko, na hasara ya petroli iliyoharibika isikatwe katika mshahara wa mjaza petroli.

3. Kabla dawa mpya haijaletwa, wajumbe wetu waelezwe kwa Kiswahili ina nini ndani yake.

Ndugu zangu, kuuliza mapema si ukaidi. Ndiyo kazi ya chama.