Ndege tulizozijua kwa masikio

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mugunga



Mkutano uliopita mama mmoja alisimama akatuuliza: nyinyi wanaume mnaokaa pale kwa fundi wa tshukudu kila siku ya Mungu kisha misa, mnasema paka habari ya Antonov na Hercules. Ile inaleta nini kwenye kisanduku cha chama? Watu walicheka, na sisi tukacheka. Lakini swali lake ni swali, na leo tumepewa nafasi ya kulijibu.

Kwanza mujue kama kati yetu hakuna rubani. Mmoja tu alibeba mizigo kwenye kiwanja cha Goma, miaka mingi. Wengine tumejua ndege toka chini, shingo juu. Wengi wetu hatujapanda hata moja. Tulipokimbia Masisi, Rutshuru ao Sake tulikuja kwa miguu, godoro kichwani. Wale waliorudi toka Nakivale kule Uganda walipanda lori. Ndege ilipita juu yetu wakati tukitembea, na kila mara ilikuwa inakwenda kwa kazi ya mtu mwingine.

Kiwanja chetu kina tabia yake. Kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi, na ndege nzito inaomba njia ndefu ndipo inyanyuke. Zamani njia ile ilikuwa na kama mita 3,000, toka upande wa volkano kuteremka kuelekea mji na ziwa. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita juu ya kiwanja na kula karibu theluthi moja upande wa kaskazini. Ndege zikaendelea kuruka na kile kilichobaki: huku ukuta wa mawe meusi, huku Birere. Tarehe 15 Aprili 2008 DC-9 ya abiria ilishindwa kunyanyuka, ikavuka mwisho wa njia, ikaingia kati ya nyumba na maduka. Walikufa watu makumi, na wengi wao hawakuwa ndani ya ndege. Walikuwa wanauza, wanapika, wanangoja mteja.

Kwenye ile lava kulibaki mizoga ya ndege. Miaka na miaka ilikaa pale, tumbo wazi, bila vioo, watoto wakipanda juu ya mabawa na kuendesha toka kwenye kiti cha rubani ambacho hakina tena kiti. Vijana walikata bati lake kidogo kidogo. Alimini ya ndege ni nyepesi na nzuri, fundi akiiyeyusha anamimina sufuria. Kuna bamama humu ndani wanaopikia sombe ndani ya ndege na hawajui.

Sasa tuanze na wazee. Mzee wetu aliyekulia Kalemie, wakati ule ingali inaitwa Albertville, anakumbuka ndege ya motere moja mbele, sauti nene, watu wawili ndani, mmoja nyuma ya mwingine. Ile njo T-28. Wamarekani waliitengeneza kwa kufundishia marubani, lakini mwaka 1964 na 1965, vita ya Simba, waliifunga silaha na kuileta huku pamoja na B-26, ndege ya mabomu ya motere mbili iliyozaliwa wakati wa vita kuu ya pili. Marubani wake wengi walikuwa Wakuba.

Hapo vijana wetu wanapotea kila mara. Wakisikia «Wakuba» wanafikiri Che Guevara. Kweli, Che alifika upande wa Fizi na Baraka mwaka 1965, toka Aprili paka Novemba, na Wakuba wake, kusaidia waasi. Lakini wale wa T-28 walikuwa Wakuba waliokimbia Castro na kuajiriwa na Wamarekani. Wakuba juu, Wakuba chini, wote mbali na kwao, wanapigania nchi yetu. Na mzee wetu, mtoto mdogo wakati ule, alikuwa katikati, ndani ya shimo nyuma ya jiko. Alitueleza kama mama yake alimfundisha: motere ikibadilisha sauti na kuwa kama inalia, lala chini, ju ya pale ndege imegeuza pua. Ikiendelea na sauti moja, inapita. Kitu kile hakukisoma popote.

Mwaka ule ule, tarehe 24 Novemba 1964, C-130 Hercules za Marekani zilidondosha paracommando wa Ubelgiji juu ya kiwanja cha Stanleyville, Kisangani ya leo. Motere nne, bawa juu ya mgongo, tumbo karibu na ardhi, mlango mkubwa nyuma. Miaka 30 kisha hapo aina ile ile ya ndege ilikuja Goma, na sisi tulikuwa watu wazima.

Julai 1994 hatutaisema yote, hata siku moja haitoshi. Wakimbizi wa Rwanda waliingia mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na Mugunga hii, ambayo ilikuwa mashamba na mawe, ikawa mji wa bashi. Kolera ikapiga. Ardhi yetu ni lava, jembe haliingii, na wafu walilazwa kando ya barabara wamefungwa ndani ya mikeka. Angani ndege hazikukoma: Transall za Wafaransa, motere mbili tu, hivyo zinatambulikana na Hercules; Iliushini 76 yenye mlio wa kupasua sikio; Antonov 124; Galaxy ya Marekani iliyoleta mashine za kusafisha maji. Siku moja C-130 zilidondosha chakula kwa parashuti upande wa Katale, na mizigo mingi ilianguka mbali na pale ilikuwa inangojewa. Mwenzetu wa kiwanja anasema kitu kilichomshangaza hakikuwa ukubwa wa ndege. Ziwa liko hapa, mita chache, limejaa maji, na watu walikufa kwa kukosa maji ya kunywa paka ndege ilipovuka bahari na mashine.

Lakini ile tunayotaka muisikie zaidi ni ya Novemba 1996.

Tarehe 15 mwezi ule kambi ya Mugunga ilifunguka kisha mapigano, na watu wengi sana wakashika barabara kurudi Rwanda. Siku ile ile, kule New York, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1080 la kutuma jeshi la kimataifa, Kanada mbele. Swali likawa: wamebaki wangapi upande huu? Wakatuma ndege kuhesabu. Waingereza walileta Canberra, ndege ya motere mbili za jeti ambayo ya kwanza yake iliruka mwaka 1949, mzee kati ya wazee, yenye mashine za picha na kupaa juu sana paka usione kitu. Iliachishwa kazi mwaka 2006 tu. Wamarekani walileta Orion, ndege iliyotengenezwa kwa kutafuta manowari chini ya bahari. Walikaa Entebbe, wanaruka, wanapiga picha, wanarudi.

Kisha wakubwa wakabishana. Wengine walisema wamebaki mamia ya maelfu, wengine walisema wamebaki kidogo, picha hazionyeshi watu. Desemba jeshi lile likavunjwa bila kuingia kwa kweli.

Baadhi yetu tulikuwa Masisi wakati ule. Tuliwaona wakipita kuelekea Walikale, na wengine wao walifika Tingi-Tingi. Walitembea usiku, mchana walilala chini ya migomba na miti. Wakisikia motere angani walizima moto na kufunika watoto na majani, ju ya hawakujua ni ndege ya nani. Sasa picha inayopigwa mchana toka juu itaona nini? Itaona migomba. Sisi tuliokuwa chini, hakuna aliyetuuliza. Mama mmoja wa chama hiki alipika viazi kwa watu 11 wa jamaa moja nyuma ya nyumba yake, na kwenye picha yoyote ile nyumba yake ni nyumba ya watu watano.

Ndiyo sababu tunakaa pale kwa fundi wa tshukudu, mama. Na sisi wenyewe tumekwisha hesabiwa namna ile. Bulengo, Lushagala, hapa Mugunga, bashi ilionekana toka juu, watoto saba waliolala ndani hawakuonekana.

Ya karibu tutapita haraka, wote mnaikumbuka. Novemba 2012 Kanyaruchinya ilikimbia ikaja Mugunga, helikopta za MONUSCO zikipiga kaskazini ya mji. Mi-24 ni nyembamba, ina vibawa vifupi vya kubebea roketi. Mi-8 ni nene kama basi, inabeba watu na unga. Tofauti ile si mchezo. Usiku mmoja kambini mtu alisikia Mi-8 akapiga kelele «Sukhoi!», watu wakakimbia gizani juu ya mawe, na mtoto mmoja alivunjika mkono. Tarehe 3 Desemba 2013 wakarusha droni ya kwanza toka Goma, jina lake Falco, haina silaha, ina kamera tu. Kwa masikio yetu ilikuwa kama pikipiki ya mbali isiyofika. Kisha Januari 2025 kiwanja kikafungwa, na asubuhi zile, kwa mara ya kwanza tangu utoto wetu, tulisikia jogoo wa Goma bila motere yoyote.

Tulisahau Kilambo, na fundi atatukasirikia. Kule karibu na Walikale ndege ndogo za Kirusi na za Kicheki zilikuwa zinatua katikati ya barabara ya lami kuchukua kasiterite. Wasoda wanasimamisha motari na watembeaji, ndege inashuka, inapakia, inakwenda zake Goma, na barabara inafunguliwa tena. Ukitaka kuona rubani wa kweli, anasema, umuone pale.

Basi, tumenunua daftari, kurasa 200, kwa pesa zetu wenyewe, kisanduku hakijaguswa. Kila ukurasa una mistari miwili ya kusimama: upande mmoja «niliona», upande wa pili «niliambiwa». Mtu anasema ndege, mwaka, mahali alikuwa amesimama, na watu wangapi walikuwa naye pale chini. Ile ya mwisho njo tunaitaka kuliko zote. Asiyejua jina la ndege aige sauti tu, tutaijua. Jina la mtu haliandikwi kama hataki.

Daftari liko kwa karani. Tutaanza na wazee wa kutoka Sake, kisha wale wa Rutshuru, kila siku ya Mungu saa nane, pale pale kwa fundi. Bamama waje pia, na yule aliyeuliza swali akae mbele. Mwenye kipande cha mzoga wa ndege nyumbani akilete tukione, hata kama ni sufuria.